Tazama Maua ya Nyumbani Kwako



Kesho asubuhi, kabla hujashika jembe, izunguke nyumba yako mara moja. Usiende mbali. Anzia mlango wa mbele. Pita jikoni, pita bafuni, pita nyuma ya banda la kuku, kisha rudi mlangoni. Tazama kitu kimoja tu, maua. Mti gani una maua leo? Mmea gani umeanza kutoa matumba? Nyuki wapo au hawapo?

Wapo watakaokucheka. Watasema maua ni mambo ya watu wa mjini, wanaopanda vitu visivyoliwa. Lakini fikiri kidogo. Embe lilikuwa ua. Boga lilikuwa ua. Mahindi ya ugali wako yalitokana na maua. Korosho iliyonunua sare za shule za mtoto wako ilikuwa ua dogo kuliko ukucha. Ukiacha mhogo na mboga za majani, chakula chetu karibu chote kinapita kwenye ua kwanza. Ua likiharibika, hakuna dawa ya kurudisha tunda.

Lugha yetu nayo ina mchezo wake. Tunaita ua la mti na tunaita ua wa nyumba, neno lile lile. Makala haya yanahusu yote mawili, yaani ua lililo ndani ya ua.

MVUA MOJA, MAUA YA AINA MBILI

Huku kwetu kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Mvua inaanza mwisho wa Novemba au Desemba. Inakoma Aprili, pengine Mei. Kiangazi kinachukua miezi iliyobaki. Kwa hiyo maua yetu nayo yamegawanyika. Kuna maua ya mvua, kama ya mahindi, maboga, karanga, bamia na ufuta. Kuna maua ya kiangazi, na makubwa katika hayo ni ya mikorosho na miembe. Mbaazi ziko katikati, mvua inapoondoka na baridi inapoingia.

Nyumba zetu pia si sawa. Ukikaa Lukuledi, Chikundi au Ndanda, una bonde. Mto ukikauka, unachimba kisima kifupi mchangani na kumwagilia mboga kwa ndoo. Ukikaa Newala juu ya uwanda wa Makonde, huna mto wala kijito. Mchanga unameza mvua yote. Zamani kina mama walishuka mteremko mrefu kufuata maji, wakapanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na mabomba yalipunguza safari hizo. Hata hivyo kila mtu wa Newala anajua kuhesabu ndoo. Huko juu maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi hovyo. Yanakwenda kwenye mpapai, kwenye bamia, kwenye mche wa mlimau. Nimeona bustani nzuri kabisa Newala zilizokunywa maji ya kuoshea masufuria tu.

Sasa tuanze na mvua.

MAHINDI YANA MAUA MAWILI

Mwezi wa Januari na Februari mahindi yanatoa maua. Wengi hatuyaiti maua, lakini ni maua. Juu kabisa kuna mbelewele. Hilo ni ua la kiume. Chini, kwenye gunzi changa, zinatoka nywele laini. Hizo ni za ua la kike. Unga wa manjano unatoka kwenye mbelewele, unapeperushwa na upepo, unaanguka kwenye nywele. Wataalamu wanauita unga huo chavua.

Jambo hili wengi hawalijui. Kila unywele mmoja unakwenda kwenye punje moja. Unywele usipopata chavua, punje yake haikui. Ukimenya hindi ukakuta mapengo kama kinywa cha mzee, ujue nywele za pale hazikupata unga.

Kwa hiyo mahindi ya nyumbani usiyapande mstari mmoja mrefu kuzunguka uzio. Upepo utapeleka unga wote barabarani. Panda mistari minne mifupi, iwe karibu karibu. Mbegu ni zile zile na kazi ni ile ile, lakini magunzi yatajaa zaidi.

Tena, mwezi wa Februari mvua mara nyingi inasita siku kadhaa. Nywele zikitoka siku za jua kali, zinakauka mapema. Huwezi kuizuia mvua isisite. Unaweza kupanda mapema, na unaweza kufunika ardhi kwa majani makavu ili unyevu usikimbie.

MABOGA HAYAJALOGWA

Mama mmoja wa bondeni aliniita siku moja akiwa na hasira. Alisema maboga yake yamelogwa. Aliyahesabu maua, akapata zaidi ya arobaini, na hapakuwa na boga hata moja. Alikuwa tayari ameshamtaja jirani.

Tulienda shambani wote. Maua yalikuwa ya kiume matupu.

Boga lina maua ya kiume na maua ya kike kwenye mmea mmoja. Ya kiume yanatangulia, tena ni mengi. Yana kikonyo chembamba kirefu. Ya kike yanachelewa siku kadhaa. Ukitazama chini ya ua la kike, shingoni, utaona boga dogo sana limeshakaa pale linangoja. Nilimwomba yule mama asubiri wiki moja, na jirani asiguswe. Wiki ya pili maua ya kike yalitoka.

Ua la boga linafunguka alfajiri. Jua likipanda, linajifunga, basi. Halirudi tena. Ni lazima nyuki afike asubuhi ile ile, aguse ua la kiume, kisha aguse la kike. Nyuki akikosekana, boga dogo linageuka manjano na kuoza. Kama kwako nyuki ni wachache, fanya kazi yake wewe. Chuma ua la kiume lililofunguka, ondoa majani yake ya manjano, kisha pakaza unga wake katikati ya ua la kike. Watoto wanaipenda sana kazi hii. Wape waifanye kabla ya kwenda shule.

Na wanaopika maua ya maboga pamoja na majani yake wachume ya kiume, na wayaache machache shambani. Ukichuma la kike, umekula boga zima kwa tonge moja.

KARANGA, BAMIA NA UFUTA

Karanga zina ua dogo la manjano, chini karibu na ardhi. Linatoka karibu wiki ya tano baada ya kupanda. Ua likinyauka, kikonyo kinarefuka na kuingia ardhini chenyewe. Karanga inakua huko chini. Njugu mawe nazo ni hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo palilia mapema na inulia udongo kwenye shina kabla maua hayajawa mengi. Baada ya hapo weka jembe kando, ng'oa magugu kwa mkono. Kila jembe linalopita chini ya mkaranga wenye maua linakata vikonyo, na wewe huoni chochote mpaka siku ya kung'oa.

Bamia ina ua zuri kuliko yote ya mboga zetu, la manjano lenye moyo wa rangi ya damu ya mzee. Likianguka, hesabu siku tano mpaka saba, kisha chuma. Chuma kila baada ya siku moja. Ukiacha bamia zikomae mtini, mmea unadhani kazi yake imekwisha, unapunguza maua. Acha miche miwili tu kwa ajili ya mbegu, ifunge kitambaa chekundu ili watoto wasiichume.

Ufuta ua lake linafunguka asubuhi na kuanguka jioni. Sina mengi ya kusema hapo. Ufuta ni zao la shamba, si la uani, na adui yake mkubwa ni mkulima anayechelewa kukata mpaka vikasha vya chini vimepasuka.

MIPAPAI NILIYOIUA

Hapa nitakueleza kosa langu mwenyewe.

Nikiwa mgeni katika kazi, nilimtembelea mzee mmoja mwenye mipapai kumi na mmoja nyuma ya nyumba. Tisa ilikuwa inazaa vizuri. Miwili ilikuwa na maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, lakini haikuwa na tunda. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Mzee, hii miwili inakunywa maji yako bure. Ikate." Akaikata siku ile ile, kwa sababu maneno yametoka kwa bwana shamba.

Msimu uliofuata mipapai tisa ilitoa maua, na maua yakaanguka. Matunda machache yaliyobaki yalikuwa madogo kama limau, tena hayana mbegu ndani. Mzee hakunigombeza. Alikuja ofisini, akaweka kipapai kimoja mezani, akasema, "Bwana Shamba, nimekuletea matunda ya elimu."

Ile miwili ilikuwa madume. Mpapai dume hauzai, lakini maua yake ndiyo yanayoipa chavua mipapai jike. Ua la jike ni nene, linakaa karibu na shina. Ua la dume ni jembamba, linaning'inia mbali na shina. Ipo pia mipapai yenye yote mawili katika ua moja, hiyo inajitosheleza. Kama mipapai yako ni ya dume na jike, acha dume mmoja kwa majike kumi. Madume yakizidi, kata yaliyozidi, lakini kwanza hesabu.

Tulipanda mbegu upya na yule mzee. Karibu mwaka mzima ulipita kabla dume jipya halijatoa maua. Mwaka mzima watoto wa nyumba ile hawakula papai, kwa sababu mimi sikutazama ua.

BARIDI INAINGIA

Mwezi wa Mei mvua inaondoka. Mbaazi ulizochanganya na mahindi zinabaki peke yake shambani, na sasa zinatoa maua ya manjano. Sumbuka kuzitazama, kwa sababu wadudu wanaingia kwenye ua na kwenye ganda changa. Mbaazi mbichi zinaliwa, kavu zinauzwa. Lakini usitegemee bei kama unavyotegemea jua kuchomoza. Mwaka 2017 nchi ya India iliweka kikomo cha mbaazi za kuingiza kutoka nje, na bei ilianguka mpaka huku vijijini. Mwenye mbaazi alizila. Mwenye ufuta kidogo kando alipata fedha ya chumvi.

Sasa tumefika kwenye ua kubwa la mwaka wetu.

UA LA MKOROSHO

Mwezi wa Juni umande unakuwa mzito. Asubuhi Newala inafunikwa na ukungu. Mikorosho inatoa majani mapya, laini, mekundu mekundu, kisha kwenye ncha za matawi vinatoka vishada vya maua. Vitaendelea kutoka Julai, Agosti, mpaka Septemba. Ukipita jioni karibu na mikorosho iliyochanua, unasikia harufu yake kabla hujaiona.

Shika kishada kimoja utazame. Kina maua mamia. Ua likifunguka ni jeupe, baadaye linageuka rangi ya waridi. Maua mengi ya kishada ni ya kiume tu. Machache yana sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Hayo machache ndiyo yanayofunga korosho, na hata hayo mengine yanaanguka. Kwa hiyo usidanganywe na wingi. Mti mweupe kwa maua haujawa gunia la korosho.

Likishashika, korosho inakua kwanza. Bibo linavimba mwishoni. Kutoka ua mpaka korosho kuanguka ni karibu miezi miwili. Katika miezi hiyo miwili adui yuko kazini.

Adui wa kwanza ni ubwiriunga. Huu ni ugonjwa wa ukungu. Unaona vumbi jeupe la kijivu kwenye majani machanga na kwenye matumba, kama mtu amenyunyiza unga wa mhogo. Matumba hayafunguki. Yanageuka rangi ya kahawia na kukauka. Ubwiriunga hauhitaji mvua. Unapenda usiku wa baridi na umande, yaani unapenda wakati ule ule mkorosho unapochanua.

Wazee wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Ilipofika msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Bei ilikuwa ndogo. Watu walihamia vijiji vipya miaka ya 1970, na mikorosho yao ikabaki mbali porini. Na mwishoni mwa miaka hiyo ubwiriunga ukaingia. Mikorosho ilikuwa haina mtu wa kuitazama, ugonjwa ukapata uwanja wa kuchezea. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara, walifanya kazi ya miaka mingi kutafuta njia ya kupambana nao na kupata miche inayostahimili.

Wewe ufanye nini?

Kazi inaanza kabla ya ua. Baada ya mavuno, na kabla baridi haijaingia, ingia chini ya mkorosho na panga. Kata maotea yote, yale machipukizi laini yanayoota ndani kwenye shina na matawi makubwa. Kwenye maotea ndiko ubwiriunga unakojificha wakati miti haina maua. Kata matawi makavu. Kata matawi yanayogusa ardhi. Kama miti yako imebanana mpaka matawi yanashikana, upepo haupiti, umande haukauki, ugonjwa unafurahi. Punguza miti. Najua ni uchungu kukata mkorosho uliopandwa na babu. Lakini nafasi inayoshauriwa kwa miche mipya ni mita 12 kwa mita 12, na babu hakuwa na ubwiriunga.

Juni ikifika, tazama vishada kila wiki. Usingoje vishada vyote viwe vyeupe kwa ugonjwa. Unga wa salfa hauponyi ua lililokufa. Unalinda ua zima lisishikwe. Kwa hiyo anza dalili za kwanza zinapoonekana, urudie kila baada ya wiki mbili au tatu, kama bwana shamba wako atakavyokuelekeza. Kwa mti mkubwa kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kila unapopuliza. Puliza alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo ukiwa umelala. Salfa inashika kwenye unyevu. Ukipuliza saa nne asubuhi, upepo umeamka, umempulizia jirani yako.

Funga kitambaa puani na mdomoni. Linda macho. Mama usipulize na mtoto mgongoni. Ukimaliza, oga na ufue nguo zile peke yake. Tena usimwage salfa kwa kudhani nyingi ndiyo bora. Ikirudiwa miaka mingi inafanya udongo uwe na uchachu, na mchanga wetu wa uwanda wa Makonde hauna nguvu ya kuvumilia hayo.

Adui wa pili ni mbu wa mikorosho. Si mbu wa malaria. Ni mdudu mwembamba anayenyonya machipukizi na vishada vichanga. Anaacha alama nyeusi, kisha ncha inakauka. Tunaye askari wetu dhidi yake. Ni chungu wa maji moto. Wale wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, ambao wakikuuma unacheza ngoma bila kupigiwa. Vijana wanachoma nyumba zao kwa hasira. Waacheni. Mkorosho wenye maji moto wengi, mbu hakai.

Na kama ni lazima upulize dawa ya wadudu wakati wa maua, puliza jioni nyuki wakiwa wamerudi kwao. Kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mtu alipuliza saa tatu asubuhi, maua yakiwa wazi. Chini ya miti tulikuta nyuki wamelala kama punje za mtama zilizomwagika. Mbu walipungua, lakini korosho nazo zilikuwa chache kuliko mwaka uliotangulia. Mimi sikushangaa.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe na kiberiti. Agosti majani ni makavu. Vijana wanawasha moto kuwinda panya, au mtu anachoma shamba jipya, na moto unatembea. Moto si lazima uufikie mti. Joto lake peke yake linakausha vishada. Kata njia ya moto kuzunguka mikorosho yako mwezi wa Juni, nyasi zikiwa bado hazijakauka sana. Upana wa hatua tano si mwingi. Kama mnakwenda kuwinda panya, chimbeni. Panya aliyechimbwa na panya aliyechomwa ladha yao ni moja.

USIUZE UA

Sasa nikuambie jambo linaloniuma kuliko ubwiriunga.

Julai na Agosti mkorosho una maua, lakini nyumba haina fedha. Sherehe za unyago na jando zinakuja. Watoto wanahitaji madaftari. Hapo ndipo mtu anafika mlangoni kwako jioni, mpole sana. Anaitazama mikorosho yako. Anakupa fedha taslimu leo, na wewe unaahidi korosho zitakapoanguka. Kipimo chake si mizani, ni bakuli, tena bakuli lenye mlima juu. Biashara hii tunaiita kangomba, na imekatazwa. Kila mtu anajua imekatazwa. Na kila mtu anajua nyumba ya jirani iliyoifanya.

Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Umechukua shilingi 60,000 mwezi wa Julai, ukaahidi kilo 100. Novemba mnada unalipa shilingi 2,000 kwa kilo. Kilo 100 ni shilingi 200,000. Ondoa makato ya chama, bado zinabaki nyingi. Umeuza ua kwa chini ya theluthi moja ya bei ya korosho. Na kama ubwiriunga ukila vishada, deni halikauki pamoja na maua. Mwenye fedha atarudi, na safari hiyo hatakuwa mpole. Namjua baba mmoja aliyetoa mikorosho yake minane kulipa deni la sherehe ya siku mbili. Mikorosho ile bado ipo nyuma ya nyumba yake. Kila Agosti inachanua mbele ya dirisha lake, na si yake.

Tangu mwaka 2007 korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka kwenye chama chako cha msingi, zinapimwa kwa mizani, unapewa hati, zinauzwa kwa mnada. Mfumo huu una matatizo yake, na malipo yakichelewa nami nasikia manung'uniko. Lakini mizani ni mizani.

Nijibu swali lako kabla hujauliza. Julai nile nini, Julai ninunue nini? Julai una mbaazi mbichi, uziuze kwa sahani. Kama uko bondeni, una mchicha na bamia za kumwagilia. Ukiwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kopa huko, riba ndogo inarudi kwenu wenyewe. Kuhusu sherehe, sisemi isifanyike. Naongea na wazee kuhusu tarehe yake. Likizo ya Desemba nayo ni likizo. Mvua itasumbua ngoma, najua, lakini mwezi huo korosho zimeshauzwa.

MWEMBE, NA MAUA YASIYOLIWA

Mwembe unachanua karibu wakati mmoja na mkorosho. Maua yake yanatembelewa sana na nzi, kwa hiyo ukiona nzi kwenye mwembe usiwafukuze, wako kazini. Vishada vikiwa na madoa meusi, ni ugonjwa wa chule. Vikiwa na unga mweupe, mwembe nao una ubwiri wake. Pogoa ndani ya mti ili jua na hewa vipite. Zaidi ya hapo mwembe wa nyumbani unajitunza, na adui yake ni mawe ya watoto.

Kina mama wengi wanapanda maua ya kupendeza mlangoni, waridi, asumini, na mengine ambayo kila nyumba ina jina lake. Wanaume wengine wanaona ni kupoteza maji. Mimi siungani nao. Mlango wenye maua unafagiliwa, na mlango unaofagiliwa haukai nyoka. Tena maua hayo yanawalisha nyuki miezi ambayo shambani hakuna kitu. Yapande kwenye mikebe ya maziwa au masufuria yaliyotoboka. Usitumie kopo la dawa ya mikorosho, hata ukiliosha mara kumi. Kopo hilo litoboe ili mtu asilichotee maji, kisha uulize kwa bwana shamba pa kulipeleka.

NOVEMBA

Kuanzia Septemba na Oktoba korosho zinaanguka. Subiri zianguke zenyewe, usitikise mti. Okota kila siku, tenga na mabibo, anika juani siku mbili tatu, uweke kwenye gunia la katani mahali pakavu. Mabibo mabovu usiyaache chini ya mti.

Kabla ya Krismasi, mkrismasi wa shule utakuwa mwekundu wote. Hilo ni ua la mwisho la kiangazi. Likitoka, mvua iko njiani, na kazi ya kwanza ni kutafuta mbegu ya boga. Wengi wanaitafuta siku ya mvua yenyewe, wakati panya ameshaimaliza. Yangu iko kwenye kibuyu juu ya jiko, nimeichanganya na majivu, na nimemwachia punje kumi yule mama wa bondeni. Jirani yake naye aliomba tano, akapewa.